Nyaraka za Bukavu na Wakimbizi wa Kasulu

Apandaye kutoka Kigoma kwenda Kasulu huliacha joto la ziwa nyuma yake na kuingia katika nchi ya vilima, nchi ya Waha, ambako asubuhi ni baridi na lugha ya wenyeji inasikilizana na Kirundi cha ng'ambo ya mpaka. Huko, katika pori la Makere, mwezi wa Novemba mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu ya Kusini. Kambi za Warundi zilikuwa zimetapakaa jirani, Mtabila na Muyovosi huko huko Kasulu, na nyingine upande wa Kibondo. Nyarugusu ikawa ya watu wa Uvira, Fizi na Baraka.

Watu hao walikuja na Kiswahili. Sicho Kiswahili cha kufunzwa ukubwani, bali cha kunyonya, chenye lafudhi na misamiati yake, ambacho wataalamu wa zamani walikiita Kingwana. Msomaji wa visiwani hana budi kuikumbuka njia lugha hiyo iliyopita. Iliondoka pwani yetu na misafara, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikaweka makao Kasongo katika Maniema, mji uliokuwa ngome ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, tumjuaye kwa jina la Tippu Tip. Si njia ya kujivunia yote, kwani lugha ilitembea pamoja na pembe na minyororo. Lakini ilifika, ikabaki, ikawa ya watu. Miaka mia moja baadaye ilirudi kwa ziwa lile lile, ndani ya mashua zilizojaa wanawake, watoto na magodoro, ikapandishwa Kasulu kwa malori.

Katika miaka hiyo ya kuvuka, maaskofu wawili wa Bukavu, mmoja baada ya mwenziwe, walikuwa wakiandika juu ya masaibu ya watu wa aina hii. Wa kwanza alikuwa Christophe Munzihirwa, wa pili Emmanuel Kataliko. Hawakuandika riwaya wala mashairi. Waliandika nyaraka: za kichungaji kwa waumini wao, na za wazi kwa wakubwa wa dunia. Kwa nyaraka hizo mmoja alijipatia maadui waliommaliza, na mwingine akafukuzwa katika jimbo lake. Naandika juu yao kwa jarida la wapenzi wa tungo kwa sababu moja. Sisi wa pwani tunaijua kazi ya waraka. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walipigana kwa beti zilizosafiri baharini kabla na baada ya watu wao kupigana kwa silaha. Mshairi wetu wa kale humwita karani, huomba karatasi na wino, humtuma mjumbe, humtaja amwandikiaye na humsubiri ajibu. Waraka hauwi waraka mpaka uwe na mtu anayedaiwa jibu.

Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Washi, kusini-magharibi ya Bukavu. Alipata upadre mwaka 1958, kisha mwaka 1963 akajiunga na shirika la Wajesuiti, akasoma elimu ya jamii na uchumi huko Louvain, Ubelgiji. Aliporudi Kinshasa alifanya kazi na wanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka 1971 Mobutu alikasirishwa na maandamano ya wanafunzi wa Lovanium, akaamuru waingizwe jeshini kwa lazima. Munzihirwa hakuandika malalamiko. Aliomba naye aandikishwe, akavaa magwanda pamoja na vijana wake. Naipenda habari hii kuliko nyingi zinazosimuliwa juu yake, kwani inaonyesha kuwa kalamu yake ilikuja baada ya mwili wake. Mwaka uliofuata Mobutu huyo huyo alimlazimisha Kardinali Malula wa Kinshasa kwenda uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa, kwa kuipinga siasa ya kurudisha majina na mila kwa amri ya serikali. Basi kiongozi wa Kanisa katika Zaire alijua mapema bei ya kusema.

Baada ya kuwaongoza Wajesuiti wa Afrika ya Kati, mwaka 1986 Munzihirwa alipelekwa Kasongo kuwa askofu mwandamizi, na mwaka 1990 akawa askofu kamili wa jimbo hilo. Ndiyo Kasongo ile ile ya Tippu Tip. Mwana wa Washi, aliyesoma Ulaya, akawachunga watu ambao lugha yao ilichukuliwa kutoka ufukweni kwetu. Mwaka 1993 akakabidhiwa pia usimamizi wa Bukavu, na Machi 1994 akateuliwa kuwa askofu mkuu wake. Haukupita mwezi, mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda.

Julai ya mwaka huo mto Ruzizi ukavukwa na laki kadhaa za Wanyarwanda, mji wa Bukavu ukawa na wageni kuliko wenyeji. Viwanja vya kanisa, skuli, kando za barabara, kila mahali palijaa. Hapo ndipo nyaraka zilipoanza kumiminika. Munzihirwa aliziandikia jumuiya ya kimataifa na serikali za nje, aliwaandikia waumini wake, alitoa miito redioni na mimbarini. Hoja zake zilikuwa chache na alizirudia bila kuchoka: kwamba mkimbizi ni mtu kabla hajawa mzigo, kwamba silaha zinazoingia Maziwa Makuu zina wauzaji na wauzaji hao wana majina, kwamba amani haitapatikana kwa kuwarudisha watu kwa nguvu mahali wanapoogopa kufa, kwamba Zaire nayo inaoza kwa viongozi wanaoiba na askari wanaopora raia. Alikuwa akiwalaumu wakubwa wa Kinshasa kwa ukali ule ule aliowalaumia wa Kigali. Husimuliwa kuwa alipenda kusema kwamba yako mambo hayaonekani vema ila kwa macho yaliyokwisha kulia.

Hapana budi kusema pia walichokisema wapinzani wake, kwani si wote walikuwa waovu na si hoja zao zote zilikuwa hila. Katika kambi zile za Bukavu na Goma walikuwamo pia askari wa jeshi lililoshindwa na Interahamwe, watu ambao mikono yao ilikuwa imetoka kuwaua Watutsi, na Wahutu waliokataa kuua, katika mauaji yaliyopoteza roho zipatazo laki 8 kwa hesabu zinazotajwa sana. Kwa Mnyarwanda aliyenusurika, sauti ya askofu inayowatetea wakimbizi ilisikika kama sauti inayowafunika wauaji. Lawama hiyo haipuuziki. Nami nadhani waraka wake ulibeba zaidi ya ulivyoweza kubeba: ulitaka kumtetea mama mwenye mtoto mgongoni ilhali muuaji amejificha nyuma ya gauni lake. Lakini waliokuwa na uwezo wa kuwatenga wauaji na raia, yaani mataifa yenye majeshi na fedha, hawakufanya hivyo kwa miaka miwili. Waliiacha kazi hiyo isifanywe, kisha wakaona ajabu vita vilipokuja kuifanya kwa njia yake.

Vita vikaja. Mapema Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu ya Kusini aliwaamuru Wanyamulenge waondoke nchini ndani ya wiki moja, na moto uliokuwa ukifuka ukawaka. Uvira ilianguka kwanza, na ndipo mashua za mwanzo zikaonekana upande wa Kigoma. Bukavu ikafuata. Askari wa Mobutu walipora walichoweza wakakimbia, na wakuu wa serikali wakakimbia pamoja nao. Askofu mkuu akabaki, na katika siku zake za mwisho aliwaandikia na kuwatangazia watu wake watulie, wasaidiane, wasiwe na chuki. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996 gari lake lilisimamishwa na askari waliouteka mji, katika njia panda ya Nyawera. Wanaosimulia husema alishuka akiwa na msalaba mkononi. Akauawa pale pale, na mwili wake ukalala barabarani hadi kesho yake. Alikuwa na umri wa miaka 70.

Wapo waliompa jina la Romero wa Kongo, na ulinganisho huo una maana yake katika habari ya nyaraka. Oscar Romero, askofu mkuu wa San Salvador, alimwandikia Rais Carter wa Marekani Februari 1980 akimsihi asiipelekee serikali ya El Salvador msaada wa kijeshi, na tarehe 24 Machi akapigwa risasi akiwa altareni. Wote wawili walimwandikia mwenye nguvu wakijua hatajibu, au atajibu kwa adabu isiyo na kitu. Kwa nini basi kuandika? Jawabu langu ni kuwa waraka wa namna hii humpokonya mwandikiwa kisingizio cha kutojua. Wakubwa wa dunia walikwisha kusema juu ya Rwanda kuwa hawakujua. Juu ya Kivu hawawezi kusema hivyo: waliandikiwa, kwa majina yao, kwa tarehe, na sahihi ya mwandishi chini.

Wiki saba kabla ya Munzihirwa kuuawa, tarehe 9 Septemba 1996, Joachim Ruhuna, Askofu Mkuu wa Gitega nchini Burundi, aliuawa katika shambulio la kuvizia njiani. Gitega si mbali na mpaka wa Kasulu, na waliozipata habari hizo katika kambi za Mtabila na Kibondo walikuwa watu wa nchi yake. Ruhuna alikuwa Mtutsi aliyezilaani damu zilizomwagwa na pande zote mbili, na serikali ilisema waliomuua ni waasi wa Kihutu, ambao walikana. Munzihirwa aliuawa na askari wa upande uliokuwa adui wa waasi hao. Ukiwaweka maaskofu hawa wawili bega kwa bega, ile hadithi rahisi ya kabila moja kulionea jingine inavunjika mkononi. Adui wa mwenye kalamu hakuwa wa kabila moja.

Mwaka huo huo wa 1996, nyumba ya uchapishaji ya Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho ilitoa tenzi za Enjili zilizotungwa na Julius Nyerere, Mkatoliki mwingine mwenye kalamu, ambaye wakati huo alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Sijui kama yuko msuluhishi mwingine wa vita aliyekuwa akihesabu mizani huku akiwasikiliza majenerali. Lakini tuwaachie wengine habari hiyo, turudi Bukavu.

Aliyerithi kiti kilicholoa damu ni Emmanuel Kataliko, Mnande, mzaliwa wa mwaka 1932 wa upande wa Butembo, Kivu ya Kaskazini. Huyu alikuwa mjenzi. Kwa miaka 31, tangu 1966 hadi 1997, aliliongoza jimbo la Butembo-Beni, akashughulikia barabara, maji, hospitali na skuli ambazo serikali ya Mobutu ilizisahau, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kikaanzishwa katika mji wake. Alipohamishiwa Bukavu alikuwa mzee mgeni katika nchi ya Washi. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, na Kivu ikawa mikononi mwa kundi la RCD lililosaidiwa na Rwanda. Mwisho wa mwaka huo mamia ya watu waliuawa Makobola, kando ya ziwa, baina ya Uvira na Baraka, na mashua zikajaa tena kuelekea Kigoma. Nyarugusu, ambayo baadhi ya watu wake walikuwa wameanza kufikiri habari za kurudi, ikapokea wapya.

Krismasi ya mwaka 1999 Kataliko alitoa waraka wa kichungaji. Siuvunji moyo wa msomaji nikisema kwamba sehemu kubwa ya waraka huo ni Maandiko na faraja, kama ilivyo kawaida ya nyaraka za Noeli. Lakini katikati yake yamo maneno yaliyotia moto: kwamba madola ya nje, yakishirikiana na baadhi ya ndugu Wakongo, yanaendesha vita kwa mali ya nchi hii hii, kwamba utajiri ambao ungewasomesha watoto na kuwatibu wagonjwa unatumika kuwaua. Hakuwasaza watu wake, aliwaambia waangalie nao walivyozoea uovu. Watawala wa RCD wakamshitaki kwa uchochezi na kupandikiza chuki za kikabila. Tarehe 12 Februari 2000 wakamzuia asikae Bukavu, wakampeleka Butembo.

Angalia werevu wa adhabu hiyo. Hawakumfunga wala hawakumpeleka ng'ambo. Walimrudisha kwao, kwa watu wa lugha yake, katika eneo ambalo wakati huo lilishikwa na kundi jingine la waasi lililosaidiwa na Uganda, kana kwamba kusema: huyu si wenu, enyi Washi, ni Mnande, mwacheni akae na Wanande wake. Walitaraji Bukavu ingemsahau. Haikumsahau. Makanisa yalifungwa, misa hazikuadhimishwa kwa siku kadhaa, skuli za Kikatoliki nazo zikafunga milango. Katika mji uliozoea kusikia kengele, kimya chake kilikuwa jibu la kwanza la waraka wa Krismasi.

Ndipo ikaanza sehemu ya historia hii ninayoiona kuwa tamu kuliko zote, ile ya askofu na jimbo lake kuandikiana. Kwa miezi saba Kataliko aliwaandikia Wakristo wa Bukavu kutoka uhamishoni, nao walimjibu, mapadre, watawa, walei na vyama vya raia, wakimtaka arudi na kuwataka waliomfukuza wamrudishe. Nyaraka zake za wakati huo hazina ukali ule wa Desemba. Hajitetei. Anawaomba wasilipize kisasi, anayafananisha mateso yao na njia ya msalaba, anawatia moyo kwamba hayuko mbali. Wakatoliki wana mfano wa kale wa jambo hili, kwani Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na waraka huo ndio ulio na furaha nyingi kuliko zake zote. Sisi nasi tunao wa kwetu: Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa kijitabu alichokitoa mwaka 1968, alizitunga tungo za Sauti ya Dhiki gerezani, akiandika kwenye karatasi za msalani. Imani zao ni mbalimbali, na dola zilizowaudhi ni mbalimbali. Kinachofanana ni kwamba mtu akitengwa na watu wake, sauti yake hupungua kelele na kuongezeka uzito.

Tarehe 14 Septemba 2000, siku ambayo Wakatoliki huadhimisha Kutukuka kwa Msalaba, Kataliko aliruhusiwa kurudi Bukavu, akapokewa na umati mkubwa. Siku 20 baadaye, tarehe 4 Oktoba, alifariki ghafla akiwa Roma, alikokwenda kwa mkutano wa maaskofu. Moyo ulisimama.

Nimetaja mara kadhaa kwamba watu waliokuwa ndani ya nyaraka hizi wengi walikuwa Kasulu. Nao walikuwa wakiandika. Chombo chao kilikuwa karatasi ya Msalaba Mwekundu, fomu ya ukurasa mmoja iliyogawiwa kambini, ambayo mkimbizi aliijaza na watu wa shirika wakaipeleka hadi kijijini kwa jamaa zake, wakirudi na jibu walipolipata. Kwa maelfu ya familia zilizotawanyika ilikuwa ndiyo njia pekee ya kujua nani yu hai. Ilikuwa na sharti lake, sharti lililoifanya iweze kupita katika safu za askari: iwe wazi, isitiwe ndani ya bahasha, na iwe na habari za nyumbani tu. Mtoto amezaliwa, bibi amefariki, tuko Nyarugusu, mjomba yuko wapi. Nani aliichoma nyumba, hapana. Kwa amri gani, hapana. Na sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 ikamzuia mwandishi wa karatasi hiyo kutoka nje ya kambi zaidi ya kilomita 4 bila kibali.

Waraka wa askofu ulikuwa wazi kwa hiari yake, ili kila mtu ausome. Karatasi ya mkimbizi ilikuwa wazi kwa lazima, ili ikaguliwe. Mkimbizi aliruhusiwa kusema kila kitu isipokuwa sababu ya kuwapo kwake Kasulu. Sababu hiyo iliandikwa Bukavu na watu wawili waliokuwa na jina, kofia ya uaskofu na mlango wa kanisa wa kusimamia, na hata hao hawakusalimika. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kuwa nyaraka hizo hazikuzaa kitu kwa kuwa vita havikusimama. Hazikuandikwa kwa kutaraji kuvisimamisha peke yake. Ziliandikwa ili maneno yaliyokatazwa katika karatasi ya mkimbizi yasikose pahali pa kukaa.

Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009 na waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na Warundi wakarudishwa kwao, kisha mwaka 2015 wakaja tena kwa wingi mpaka Nyarugusu ikapita watu laki 1 na nusu. Kuanzia Machi 2023 maelfu ya Wakongo wapya walivuka kwenda Kigoma na kupandishwa Kasulu, wengine wakiwakuta huko jamaa waliokimbia mwaka 1996 na watoto waliozaliwa kambini wakawa nao wana watoto. Katikati ya Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Siku chache kabla yake ilikuwa imetimia miaka 25 tangu Kataliko alipopelekwa Butembo.